Ukurasa wa Akwaaba

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Serwaah alichukua simu yake akatazama kama kuna mtoto. Hakuna. Jana hakukuwa na mtoto, juzi vilevile, na ukirudi nyuma miezi kumi na moja hakuna mama hata mmoja, wa Kumasi wala wa Hamburg wala wa Toronto, aliyeleta picha ya kichanga chake. Juu ya ukurasa lilikaa neno moja la kijani, Akwaaba, lile lile ambalo mgeni hupokewa nalo mlangoni, na chini yake palikuwa peupe pee.

Na si kwamba tovuti yenyewe haikuwa na watu. Due Kumase! Mwasante gani mwenye simu asiyeijua? Due ndiyo pole tunayopeana msibani, Kumase ndivyo tunavyouita mji wetu, na tovuti ile ilikuwa na kazi moja tu: kuwaambia watu nani amefariki, anazikwa Jumamosi ipi, na nguo ni nyeusi au nyekundu. Watu waliifungua kabla ya kifungua kinywa. Wengine waliifungua wakiwa chooni, na wasikatae, tunawajua.

Ukurasa mpya ulikuwa wazo la marehemu mumewe, Kwaku Dwomoh. Aliuchora kwa penseli kwenye daftari la shule, akiwa hospitalini, wiki tatu kabla ya kuondoka: neno Akwaaba juu, na vimraba vya picha chini. Mkono ulikuwa unatetemeka, vimraba vikawa vya mviringo.

"Serwaah," alimwambia, "tumewatangaza wanaoondoka miaka kumi na mitano. Hebu tuwatangaze na wanaokuja."

Mtu akikuachia maneno ya namna hiyo utafanya nini? Serwaah aliapa mbele ya picha yake kwamba ikifika siku ya mwaka tangu msiba, ukurasa ule utakuwa na mtoto. Hakuomba mia. Aliomba mmoja. Na sasa zilikuwa zimebaki wiki nne.

Tangazo la msiba wa Dwomoh alilichapa yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, kama alivyokuwa amewachapia watu wengine wote. Alilipandisha kwenye tovuti, akafunga mashine, na tangu siku hiyo hakulifungua tena. Alipita juu ya jina lile haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyohamishwa.

Enzi zile, jamani. Mwaka 2004 Dwomoh alifungua chumba cha intaneti pale Bantama, na kompyuta nane kuukuu zilizokuja kwenye kontena zikiwa bado na majina ya watoto wa shule wa Kizungu yaliyobandikwa ubavuni. Feni ilikuwa moja. Ukutani kulikuwa na onyo kwa mwandiko wa Serwaah: USILE KENKEY JUU YA KIBODI. Mtandao ulikuwa wa kobe; ungeweza kufungua ukurasa, ukaenda kununua maji, ukarudi ukakuta picha imeshuka hadi kwenye nyusi. Dwomoh alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika barabarani, na alikunywa kila kinywaji duniani isipokuwa maji. Ukimpa maji alikunja uso kama umempa dawa ya minyoo.

Siku moja aliingia mwanamke aliyerudi kutoka Hamburg. Hakukaa kwenye kiti. Aliketi kwenye ngazi ya mlango akaanza kulia. Mjomba wake, aliyemlea, alikuwa amezikwa mwezi mzima uliopita, na habari zilimfikia mazishi yakiwa yamekwisha.

"Kwa kufa kwake tu nisingelia hivi," alisema. "Ninacholilia ni ile Jumamosi. Nimepiga hesabu. Wakati wanamshusha kaburini mimi nilikuwa kwenye sherehe, nimevaa gauni la manjano, nacheza."

Dwomoh alitoka, akabandua tangazo la yule mjomba kwenye nguzo ya umeme, ambako mvua ilikuwa imelila nusu, akaliweka kwenye mashine ya kunakili picha, likaingia mtandaoni. Ndilo lilikuwa tangazo la kwanza la Due Kumase. Baada ya hapo hakuna nguzo wala ukuta wa Kumasi uliobaki salama. Kila Jumatatu chumba kilijaa watu waliosimama nyuma ya kompyuta moja wakibishana: nani kaachwa kwenye orodha ya wafiwa wakuu, jeneza lilikuwa zuri au la kujionyesha tu, yule mjane wa pili katoka wapi. Serwaah alijifunza kuchapa kwa majina ya marehemu. Kisha Dwomoh akaongeza nafasi chini ya kila tangazo ili walio mbali waandike rambirambi zao. Watu wakaandika kweli, ila hawakuiandikia familia. Walimwandikia marehemu mwenyewe, kama mtu aliyehamia mji mwingine.

Siku hizi kompyuta hazikuwapo tena. Kila mtu alikuwa na chumba chake cha intaneti mfukoni. Pale Bantama ilibaki meza moja, mashine ya kutoa nakala, na kiti cha Serwaah chenye mto. Na kila Jumanne alikuja Frimpomaa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mdomo kama wembe, ambaye zamani alikuwa akija na sare ya shule kuandika barua kwa mchumba asiyejibu, na sasa ndiye fundi wa tovuti.

"Jana watu elfu nne na mia mbili wamefungua misiba," alisema, macho kwenye mashine yake.

"Na Akwaaba?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja si haba."

"Maame, mara tisa ni simu yako."

"Na hao wawili?"

"Mmoja mimi. Wa pili alikuwa Uchina. Nadhani alipotea njia."

Hapo ndipo Serwaah alipokasirika, na kwa hasira akafanya kosa. Aliamuru Akwaaba ipandishwe juu kabisa, iwe kitu cha kwanza mtu kukiona, na misiba ishuke chini. Kwa sababu ukurasa haukuwa na picha, akamwambia Frimpomaa achore mtoto wa katuni, mnene, anayecheka. Frimpomaa akachora. Ulikuwa mchoro mzuri, tusimnyime haki yake.

Kesho yake simu haikupoa. Wa kwanza alipiga kutoka Toronto.

"Dada, marehemu wetu mmewapeleka wapi?"

"Wapo, wapo, shuka chini kidogo."

"Nishuke chini? Mimi nimefungua kumtafuta mama yangu mdogo, nimevaa nyeusi, machozi yananitoka, nakutana na kitoto kinanichekea! Kinanichekea mimi!"

Siku ya tatu watu waliofungua misiba walikuwa wamepungua nusu. Waliofungua Akwaaba walikuwa kumi na wanne, na Serwaah hakutaka kuuliza wangapi kati yao walikuwa yeye.

Asubuhi hiyo Opanyin Baffour aliingia na bakuli lake la uji wa koko, kama alivyoingia kila asubuhi tangu enzi za kompyuta nane. Alikuwa ameuza vipuri vya malori kule Suame Magazine, mtaa wa magereji, miaka arobaini, na macho yalipomwishia alizoea kuja kusomewa majina. Aliketi, akapuliza uji, akauliza swali lake la siku zote.

"Nani ametuacha?"

"Opanyin, leo ngoja kwanza nikuonyeshe kitu kingine."

"Sitaki kitu kingine. Nani ametuacha?"

Serwaah alimweleza. Alimweleza habari za daftari, za vimraba, za wiki nne zilizobaki. Mzee akaweka bakuli chini.

"Binti yangu, kule Suame mimi nilikuwa nauza giaboksi. Siku moja mke wangu akanishauri, uza na mikate, wateja si wapo? Kweli walikuwapo, tele. Lakini mtu lori lake limekwama Mampong na ndizi zinamwivia humo ndani, mikono grisi hadi kwenye viwiko, amekuja mbio anataka giaboksi. Huyo atakumbuka mkate? Na aliyetaka mkate hakuwaza hata siku moja kwamba utapatikana kwa Baffour. Tuliila ile mikate sisi wenyewe, wiki nzima. Ilinuka dizeli."

"Watoto si mikate, Opanyin."

"Basi kwako ni vibaya zaidi. Mimi hapa nakuja kulia, na nalia vizuri. Nikitaka kucheka naenda kwa shemeji yangu."

Serwaah alimsomea majina, lakini maneno ya mzee hayakumwingia. Alijiambia tatizo ni la kuanza tu. Akipatikana mtoto wa kwanza, wengine watafuata. Na mtoto alikuwapo karibu mno. Nyumba ya tatu kutoka kwake, binti wa Eno Fosuaa alikuwa amejifungua siku nne zilizopita. Akajifunga khanga yake nzuri, akachukua simu, akaenda.

Fosuaa alikuwa uani anatwanga fufu. Alimpokea vizuri, akampa kigoda, akampa maji. Serwaah akazunguka zunguka, kisha akasema alichokuja kusema: picha moja tu ya mtoto, iwekwe Due Kumase.

Mchi ukasimama hewani.

"Wapi?"

"Si kwenye misiba! Kuna ukurasa wake pembeni, wa kijani."

"Serwaah. Mtoto ana siku nne. Hata jina hana. Ni mgeni ambaye bado hajaamua kama anakaa au anarudi alikotoka, na wewe unataka kumwonyesha njia ya kurudi?"

"Basi nitasubiri siku ya nane, mkishampa jina."

"Hata iwe siku ya themanini! Mjukuu wangu aingie mlango mmoja na maiti za watu nisiowajua? Nenda nyumbani, dada yangu. Huzuni imekuzidi. Nenda, tafadhali, kabla sijasema neno baya."

Serwaah alirudi nyumbani na aibu yake. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, aliyezaliwa na kukulia Asante, aliyewatoa nje siku ya kupewa jina watoto wa ndugu zake wasiohesabika, alihitaji kufundishwa habari za siku nane? Alilijua jambo lile kabla hajajua kusoma. Alilijua, na bado aliliruka, kwa sababu wakati wote macho yake yalikuwa kwenye vile vimraba vya mviringo. Alilia siku hiyo, na hakulia kwa ajili ya ukurasa. Alimlilia Dwomoh. Alimtamani amsikie akicheka, hata kama angemcheka yeye.

Lakini moyo wa mtu ni mbishi. Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, mwanawe Agyeman alipiga simu kutoka Amsterdam. Mkewe Pokuaa alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Serwaah alipiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Aliuliza uzito, aliuliza kama ananyonya, aliuliza kichwa kimekaaje. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, jambo lililokuwa likimchoma.

"Agyeman, nitangoja siku ya nane. Mkishampa jina, niletee picha yake ya Akwaaba. Awe wa kwanza. Mwaka wa baba yako ni Jumamosi ya wiki ijayo."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa taratibu.

"Maame, hapana."

"Unasemaje?"

"Pokuaa hataki. Na mimi sitaki. Usinikasirikie."

"Ni wazo la baba yako! Alilichora akiwa anakufa!"

"Najua. Lakini mimi pale nikifungua namfungulia Papa. Sifungui kwa kitu kingine. Kile kijani hata sikioni, Maame. Nakiruka tu."

Serwaah akakata simu. Hakuwahi kumkatia simu mwanawe tangu azaliwe. Akakaa na hasira wiki nzima, akailisha na kuinywesha. Alhamisi iliyofuata, siku ya kumpa mtoto jina, simu ililia alfajiri. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu. Serwaah aliisikia chini ya mto, akageuka upande wa pili. Mtoto akapewa jina huko ng'ambo, na bibi yake hakujua ni jina gani.

Ijumaa, siku moja kabla ya mwaka, alimwita Frimpomaa aje ingawa haikuwa Jumanne.

"Uondoe," alisema. "Ondoa ukurasa, ondoa na ile katuni yako. Nimeshindwa. Kesho nitamwambia hivyo mbele ya picha yake."

Frimpomaa alifungua mashine, lakini vidole vyake havikuanza kazi.

"Maame, naweza kukuuliza kitu? Umeuona ukurasa wa Papa tangu jana?"

"Ule siufungui."

"Umefunguliwa mara mia sita. Nilidhani kuna hitilafu."

"Watu wamekumbuka mwaka wake."

"Si mwaka," Frimpomaa alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na wembe wowote. Akaigeuza mashine taratibu, akaisukuma mbele yake. "Soma mwenyewe. Mimi nitaenda kununua maji."

Picha ndiyo ilitokea kwanza, na siku hizi picha zinatokea mara moja, hazikupi muda wa kujiandaa. Dwomoh alikuwa anacheka na koti lake la kijivu. Serwaah aliweka mkono kifuani, akashuka chini, kwenye rambirambi, hadi ile aliyoiandika Agyeman, jana Alhamisi, alfajiri:

"Papa, habari za huko. Leo tumemtoa mtoto nje. Nilimdondoshea ulimini tone la maji, kisha tone la kinywaji, kama ulivyonifanyia mimi. Kinywaji alikilamba. Maji aliyakunjia uso hadi watu wakacheka, nikajua ni nani amekuja. Anaitwa Yaw Dwomoh. Maame hapokei simu, amenikasirikia. Naomba umwambie wewe."

Na chini yake watu walikuwa wamejipanga. Hamburg, Toronto, Tamale, Bronx, Bantama. Watu waliowahi kukaa kwenye zile kompyuta nane, wengine Serwaah alidhani wamekufa na matangazo yao ndiyo yaliyokosekana. Kila mmoja ameandika neno lile lile. Akwaaba, Dwomoh. Akwaaba, mzee wetu. Akwaaba, ila kenkey usile juu ya kibodi. Alihesabu hadi hamsini, macho yakajaa, akaacha kuhesabu.

Alipopata pumzi alifungua ukurasa mwingine, wa miaka ya nyuma, jina la kwanza lililomjia. Chini ya rambirambi, mwaka mmoja baada ya mazishi: "Nana, tumepata msichana, tumempa jina lako." Akafungua mwingine. "Mama, umerudi, na safari hii una pua ya baba." Akafungua wa kaka yake Eno Fosuaa, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, na pale akakuta maneno ya juzi juzi, ya Fosuaa mwenyewe yule wa mchi: "Kaka, mjukuu wangu tumempa jina lako. Ana masikio yako, maskini. Mwangalie."

Serwaah akacheka peke yake, machozi yakimfika kidevuni. Kumbe watoto walikuwapo. Walikuwapo siku zote, miaka kumi na mitano, yeye anachapa majina ya juu na hashuki kutazama chini. Kumweka mtoto katikati ya maiti za wageni hakuna ambaye angekubali, lakini kumpelekea babu yake habari zake, hilo halikuhitaji kufundishwa na mtu. Hakuna aliyehitaji mlango wa pili. Walikuwa wanaingia kwa ule walioujua, na Dwomoh ndiye aliyeufungua, siku ile alipoacha nafasi chini ya tangazo.

Frimpomaa alirudi na maji.

"Nauondoa?"

"Uondoe. Wapandishe marehemu juu, pale pao. Na Opanyin Baffour akija mwambie giaboksi zimerudi."

Kisha akavuta kibodi, akaandika kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na Dwomoh mwenyewe, chini ya watu wote wale: "Akwaaba, mume wangu." Akatazama kidogo, akaona yanatosha. Akachukua simu, akampigia Agyeman, na alipopokea hakumpa hata nafasi ya kusalimia.

"Nipe mume wangu nimwone."

"Maame!" Sauti ya mwanawe ilikuwa inacheka na kulia pamoja. "Umeshaambiwa?"

"Nimeambiwa. Mlete."

"Amelala, Maame. Ndiyo kwanza amelala."

"Mwamshe," alisema Serwaah. "Mwaka mzima alikuwa amelala."